Mtungi wa elfu nane na insulini yangu: uzoefu wa miaka miwili Dodoma

Nianze na friji ya jirani, maana bila friji hiyo nisingenunua mtungi.

Mimi ni mtu wa Tanga, Dodoma nimeletwa na ndoa, na hapa nauza zabibu. Nina kisukari aina ya pili, huu ni mwaka wa kumi na moja. Miaka minane ya mwanzo nilikuwa mtu wa vidonge tu. Vilipozidiwa, daktari akaniongezea insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70 (30 ya haraka, 70 ya polepole), asubuhi na jioni. Vidonge vya metformini bado nameza na havina makuu: vinakaa kwenye mkoba, ukila unameza, basi. Insulini ndiyo mgeni mwenye masharti. Ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Jua haitaki, kuganda haitaki. Na mimi friji sina.

Basi mwaka wa kwanza nikawa naiweka kwa jirani. Mama mwema, sina neno naye. Lakini hebu fikiria, saa kumi na mbili kasoro asubuhi unagonga mlango wa watu, watoto wamelala, baba mwenye nyumba anatoka na taulo kiunoni, wewe umekuja kuulizia dawa yako. Jioni tena. Wakisafiri, dawa imefungiwa ndani. Kuna dozi niliruka mwaka ule ambazo sikuzisahau wala sikukosa hela. Niliona haya kugonga. Kliniki wanauliza, "Umesahau?" Unajibu ndiyo, maana kusema umesahau ni rahisi kuliko kueleza hayo yote.

Siku moja wakanunua samaki wengi, chupa yangu ikasogezwa nyuma kabisa, chini ya kile kijumba cha barafu. Nilipoitoa ilikuwa jiwe. Jirani akaniambia, "Shoga, si itayeyuka tu?" Kuyeyuka itayeyuka, ila insulini ikishaganda imekufa, hata ikirudi kuwa maji usijidunge. Nikaenda kliniki kuomba nyingine huku nimejiandaa kugombezwa.

Sista hakunigombeza. Aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Dada, chupa moja unaimaliza kwa siku ngapi?"

Tukapiga hesabu pale pale kwenye jalada lake la kadi. Chupa ni mililita 10, kila mililita yuniti 100, kwa hiyo jumla yuniti 1,000. Mimi asubuhi nachoma 22, jioni 12 (hiyo ni dozi yangu, yako anaijua daktari wako). Thelathini na nne kwa siku, mara siku 28, ni 952. Kilichobaki kinaishia kwenye kutoa mapovu. "Sasa friji ya nini?" akasema. Chupa ikishafunguliwa inakaa nje ya friji kama wiki nne bila neno, mradi isizidi nyuzi 25 au 30, kutegemea aina. Karatasi iliyomo ndani ya boksi inaeleza. Chupa za akiba ndizo zinazohitaji friji, na mimi nachukua moja moja kila mwezi, akiba sina. Nilichohitaji ni mahali penye ubaridi wa wastani, nyumbani kwangu. Akaniambia nikatafute mtungi.

Kununua

Nilimpata bibi mmoja anayeuza vyungu na mitungi kando ya barabara. Nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", akacheka namna ninavyoitamka. Nikamwambia nataka miwili, mmoja uingie ndani ya mwenzake ubaki na nafasi ya vidole viwili pembeni. Akaniuliza naenda kuhifadhi nini. Nikasema dawa. Akaniangalia juu mpaka chini, nadhani alifikiria dawa nyingine, akanipunguzia bei harakaharaka niondoke. Elfu nane yote miwili. Kitu kimoja alichonisisitizia, na ni cha kweli: usinunue uliopakwa rangi wala uliong'arishwa. Mtungi unapoa kwa sababu unavuja jasho, ukiuziba vinyweleo umenunua pambo.

Nilivyoupanga ni hivi. Mtungi mkubwa juu ya matofali matatu, kwenye kona ambayo upepo wa dirisha unapita na jua halifiki. Mchanga chini, mtungi mdogo ndani, mchanga pembeni mpaka shingoni. Maji yanamwagwa kwenye mchanga asubuhi na jioni, si kwenye mtungi wa ndani. Juu kitambaa cha pamba kilicholowa. Chupa ya insulini iko kwenye kikopo cha plastiki chenye mfuniko, na bomba zangu za sindano ziko kwenye kikopo kingine nje, hazihitaji baridi. Wiki ya kwanza niliiweka chupa bila kikopo, lebo ikabanduka kwa unyevu na sisimizi wakahamia. Ile tarehe ya kufungua sikuiona tena. Sasa naandika tarehe kwa kalamu juu ya plasta, naibandika kwenye chupa yenyewe.

Unapooza kweli?

Mimi si mtu wa kuamini tu. Nilinunua kipimajoto kidogo cha friji nikakiweka ndani. Oktoba, saa tisa mchana, chumba changu cha bati kilikuwa nyuzi 34, ndani ya mtungi 25. Usiku unashuka mpaka 22. Wakati wa mvua, Januari, chumbani 29, mtungini 25 au 26. Kwa hiyo si friji, na anayekuambia ni friji anakuuzia maneno. Lakini kutoka 34 hadi 25 ndilo jambo lenyewe nililokuwa nalitafuta.

Kilichonitoa hofu zaidi ni utafiti uliotoka mwaka 2021, wa Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva. Walichukua vipimo vya joto ndani ya nyumba za wakimbizi kule Dagahaley, moja ya kambi za Dadaab kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako joto lilikuwa linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaiweka insulini kwenye joto la namna hiyo kwa wiki nne, halafu wakailinganisha na iliyokaa kwenye friji. Nguvu ilikuwa ile ile. Hii si ruhusa ya kuiacha kwenye dashibodi ya gari. Ila niliposoma, usiku ule nililala bila kuamka kwenda kupapasa mtungi.

Kosa langu la msimu wa zabibu

Hapa lazima niseme ukweli, kwa sababu kwa siku mbili niliusingizia mtungi.

Ilikuwa Septemba, zabibu zimejaa. Nina mashine yangu ya kupimia sukari, naipenda kwa kuwa ni ndogo. Siku hiyo nilikuwa mezani nachambua vichala, nikajichoma kidole, mashine ikasoma 17.4 (milimoli kwa lita), juu sana. Kesho yake 19.2. Mimi mwenyewe sijisikii kitu, sina kiu, chooni siendi ovyo. Akili ikaniambia moja kwa moja: mtungi umeipika dawa. Nikaitoa chupa, nikaiangalia kwenye mwanga. Insulini hii ya mchanganyiko ukiizungusha taratibu viganjani inatakiwa iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. Ikiwa na mabonge au imenata kwenye kioo kama ukungu, ndiyo imeharibika. Yangu ilikuwa nyeupe safi. Macho yangu yaliona hivyo, mimi nikaamini mashine. Nikaitupa chooni ikiwa nusu.

Mchana nikaenda kliniki na malalamiko yangu yote. Sista akasikiliza, akashika mkono wangu anipime, akasita. Vidole vilikuwa vya zambarau. "Dada, hebu nenda kanawe kwanza. Kwa sabuni." Nikanawa, akapima: 8.6.

Nilikaa pale nikiiwaza chupa yangu iliyo chooni.

Alichonieleza ni kwamba tone la damu ni dogo sana, sukari kidogo ya tunda ikiwa kwenye ngozi inaingia na kusomwa kama ya kwako. Zabibu, chungwa, embe, yote yale yale. Na kupangusa kwa spiriti hakutoshi, ni maji na sabuni, kisha ukauke vizuri. Maji yakikosekana kabisa, futa tone la kwanza, pima la pili. Afadhali nilitupa dawa. Ningeongeza yuniti kwa sababu ya ile 19 ya uongo, sukari ingeshuka nikaangukia kwenye vichala vyangu. Tangu siku hiyo kuna kidumu cha maji na kipande cha sabuni chini ya meza, na wateja wanadhani ni kwa ajili yao.

Kasoro za mtungi wenyewe

Maji ya Dodoma yana chumvi. Baada ya miezi kama minane mtungi wa nje ulianza kuota weupe kama umepakwa chokaa, na kipimajoto kikaanza kusoma 28 pale palipokuwa 25. Vinyweleo vimeziba. Nimeusugua kwa brashi na maji tu, sabuni hapana, ukarudi kidogo, haukurudi wote. Mwaka wa pili nimebadilisha wa nje. Kama unavuna maji ya mvua, tumia hayo.

Unataka nidhamu. Ukisahau kumwagia maji siku nzima, jioni una mchanga mkavu na mtungi wa kawaida. Binti yangu ndiye mwenye zamu ya jioni na mara mbili nimemkuta kwenye simu mchanga ukiwa vumbi. Ukungu pia unaota shingoni usipoukausha mara mojamoja juani (dawa ukiwa umeitoa, tafadhali).

Na huwezi kusafiri nao. Nilipokwenda Tanga kwenye harusi ya mtoto wa kaka yangu, chupa nilikaa nayo miguuni mwangu ndani ya basi, ndani ya kikopo, kimefungwa kwa kipande cha khanga chenye unyevu. Kwenye buti siweki hata kidogo, kule ni tanuri. Pale Chalinze niligusa, khanga imekauka, nikailowesha kwa maji ya kunywa. Tanga nikaazima mtungi wa shangazi, nikatia kipimajoto. Nje 31, ndani 28. Shangazi akasema, "Mwanangu, huo ndio mtungi uliotulea, leo umekuwa haufai?" Unafaa shangazi, ila hewa ya Tanga imeshashiba maji, jasho la mtungi litakwenda wapi? Joto la Dodoma linakausha nguo kwenye kamba kabla hujamaliza kufua, la Tanga linakulowesha wewe mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kununua tazama kamba yako ya nguo. Zikikauka upesi, mtungi utakutendea haki. Zikishinda na unyevu mpaka jioni, utapata nyuzi mbili tatu tu, na pengine ni heri uelewane na zahanati kuhusu kuhifadhi.

Siku yangu ilivyo sasa

Saa kumi na mbili na robo naamka, nanawa, napima, nachoma, nasubiri nusu saa, nakunywa uji wa dona. Jioni ndiyo penye mtego, kwa sababu nusu saa hiyo inategemea chakula kiwe kweli kinakuja. Zamani nilichoma nikaambiwa "bado dakika tano" na ugali ukaja baada ya saa nzima, mimi natetemeka na jasho la baridi linanitoka, binti ananikorogea vijiko vitatu vya sukari kwenye maji. Siku hizi sindano siigusi mpaka mboga iwe imeiva na maji ya ugali yako jikoni yanachemka. Tumboni nahamahama: wiki hii kulia, wiki ijayo kushoto, vidole viwili kutoka pale nilipochoma jana, kwa sababu sehemu moja ikichomwa kila siku inavimba na dawa haiingii vizuri. Sindano zilizotumika zinaingia kwenye chupa ngumu ya plastiki, ikijaa inakwenda kliniki.

Sijaruka dozi kwa sababu ya kuona haya tangu mtungi uingie ndani. Nimeruka kwa sababu nyingine, msinipe sifa zisizo zangu, lakini si kwa kuogopa mlango wa mtu.

Kwa watu wa Dodoma, Singida na Shinyanga wasio na friji: nyota nne kati ya tano, ya tano imeondoka na chumvi. Kwa Pwani: mbili. Kwa mwenye chupa tano za akiba: usijaribu, hizo ni za friji.

Nilipomrudia yule bibi kununua mtungi wa nje wa pili alinikumbuka. Akauliza kama ile dawa yangu ilifanya kazi. Nikamwambia imefanya, bibi. Safari hii hakunipunguzia hata mia.