AutoCAD kama mtunza michoro: inaitosha ofisi ndogo ya Kampala?

Kwa ofisi yenye wahandisi watatu au wanne, vifaa vilivyomo ndani ya AutoCAD, programu ya kuchora michoro kwa kompyuta, vinatosha kutunza faili za mradi na marekebisho yake. Fedha za kununua mfumo mwingine nunulieni UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika.

XREF, yaani rejea ya mchoro mmoja ndani ya mwingine, ndiyo nguzo ya kazi yote. Mchoro wa msanifu huitwa ndani ya mchoro wa miundo bila kunakiliwa. Akisogeza ukuta, ukipakia upya unauona umesogea. Tangu toleo la AutoCAD la 2018, njia ya faili (anwani ya rejea kwenye kompyuta) kwa kawaida huhesabiwa kuanzia folda ya mchoro wenyewe. Kabla ya kuunganisha rejea, andika REFPATHTYPE, hakikisha ni 1, na folda nzima ya mradi itahama kutoka Ntinda hadi saiti ya Mbarara bila kukatika kiungo. Flashi ndiyo huharibu: mchoro ukiwa C: na rejea yake ikiwa E:, njia ya namna hiyo haiwezekani, na kesho Windows huenda ikaiita flashi hiyo hiyo F:.

Ukituma DWG (faili ya mchoro wa AutoCAD) moja peke yake kwa WhatsApp, mkandarasi atakuta nguzo zinaelea, na penye kuta pana mstari wa maandishi unaotaja faili isiyopatikana. Tumia amri ya ETRANSMIT. Hukusanya mchoro, rejea zake, fonti na faili ya CTB (mipangilio ya rangi na unene wa mistari wakati wa kuchapa) kwenye zipu moja. Usisahau kuweka alama kwenye chaguo la fonti: fonti ya SHX, aina ya fonti ya AutoCAD yenyewe, ikikosekana, maandishi hubadilishiwa fonti na vipimo vya nondo hugongana na mistari.

Zipu hiyo ndiyo pia kumbukumbu ya kweli ya toleo la mchoro, na hapa ndipo wengi hukosea. Ukihifadhi DWG ya P01 (namba ya marekebisho ya kwanza) ikiwa bado imeunganishwa na mchoro hai wa msanifu, baada ya miezi miwili P01 yako itaonyesha kuta za P03. Kwa hiyo faili ya kazi ibaki na jina moja siku zote, maana ukiibadilisha jina kila marekebisho, unakata viungo vya wote wanaoirejelea. Namba ya marekebisho iwe kwenye kisanduku cha maelezo ya mchoro, kwenye PDF na kwenye jina la zipu.

COMPARE, amri ya kulinganisha michoro miwili iliyoingia toleo la AutoCAD la 2019, inastahili sifa. Fungua mchoro mpya, andika COMPARE, chagua wa zamani. Kwa matoleo ya 2020 na kuendelea, kijani ni kilichomo kwenye mchoro uliofungua tu, chekundu ni kilichomo kwenye ule mwingine tu, kijivu ni kisichobadilika. Mawingu huzunguka tofauti. Nguzo iliyosogezwa milimita 150 haijifichi. Lakini mtu akihamisha jengo zima kutoka 0,0, kila mstari utaonekana umebadilika, hivyo asili ya mchoro, yaani hiyo nukta ya 0,0, isiguswe.

Umeme ukikatika, tafuta faili ya .sv$ (nakala inayojihifadhi yenyewe) kwenye folda ya muda, ibadilishe mwisho wa jina uwe .dwg. SAVETIME, muda kati ya nakala hizo, huja ikiwa dakika 10, iweke 5.

Upungufu mkubwa: AutoCAD haikuambii nani alibadilisha nini wala nani aliidhinisha. Daftari la matoleo lenye tarehe, namba, sababu na sahihi ya mhandisi bado linahitajika mezani.