Hobie 16 mtumba: boti tamu, kamba ndo zinatisha watu bure

Jamani Hobie 16, ile boti ndogo ya matanga yenye miili miwili, hata ikiwa mtumba ni boti tamu sana, watu wanaogopa zile kamba wakati ukizifuata moja moja ziko chache tu. Mlingoti unashikwa na waya 3, mbili za pembeni na moja ya mbele, ila ukishapandisha tanga la mbele henza yake, yaani kamba ya kulipandishia, ndo inakaza kila kitu, ukiivuta vizuri ule waya wa mbele unalegea kabisa na usishtuke, ndo inavyotakiwa. Demani ya tanga kubwa, yaani kamba ya kulivuta na kulilegeza, inapita kwenye kapi kibao kwa hiyo hata upepo ukichachamaa mtu mmoja anaimudu, na ile reli ya nyuma inasogeza demani pembeni. Zile waya zinazoning'inia zenye vishikio ni za kujitundika nje ya boti, raha yake acha tu!

Kabla hujalipa pitisha kitambaa kwenye waya kule chini zinapobanwa na chuma, kikinasa ujue nyuzi zimeanza kukatika, badilisha zote na bei ishuke. Nyota 4, ya tano imeondoka na muuzaji, kamba zote kafunga za rangi moja.