Bastola ya nyumbani na ya kiunoni: ipi ununue kwanza

Kama unataka bastola moja tu, itakayolinda nyumba usiku na kutoka nawe mchana ikiwa imefichwa chini ya nguo, chukua ya ukubwa wa kati, ya milimita 9 (kipimo cha unene wa risasi zake). Nimeanza na jibu kwa sababu wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza kampuni gani ni bora, na wakishatajiwa jina wanaona kazi imekwisha. Jina la kampuni linakuja baada ya mambo mengine matatu.

La kwanza ni kibali. Nchi nyingi hutenganisha ruhusa ya kuweka bastola nyumbani na ruhusa ya kuibeba nje, na nyingine hazitoi kabisa moja kati ya hizo, au zote mbili. Ziko pia sheria zinazoweka kikomo cha risasi kwenye magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini), na kikomo hicho peke yake kinaweza kubadilisha orodha yangu yote, maana faida kubwa ya baadhi ya bastola ni idadi ya risasi zinazobebwa. Soma sheria ya mahali unapoishi kabla hujaingia dukani.

La pili ni mkono wako. Hakikisha kwanza kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, iko tupu na magazini imetolewa, hata kama muuzaji ameshakuonyesha. Kisha ishike bastola huku mtutu ukiwa umenyooka sambamba na mfupa wa mkono. Kidole cha shahada kinapaswa kufika kwenye kifyatulio bila wewe kuzungusha bastola kiganjani. Kidole kisipofika, utakuwa unavuta pembeni kila unapofyatua, na risasi zitakwenda pembeni. Baadaye vuta slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma unapokoki, mara kumi mfululizo. Ikikushinda mara ya saba ukiwa dukani umetulia, usitarajie itakuwa rahisi usiku wa manane mikono ikitetemeka.

La tatu ni aina ya risasi, na hapa hakuna tena ubishi mkubwa kama zamani. Risasi ya milimita 9 ilibuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20. Kuna kipindi ilionekana dhaifu. Baada ya mapambano ya Miami mwaka 1986, ambapo maafisa wawili wa FBI waliuawa, shirika hilo la upelelezi la Marekani lilitafuta risasi yenye nguvu zaidi. Lilianza na ya milimita 10, kisha ikaja iliyofupishwa kutoka hiyo, .40 S&W mwaka 1990. Katikati ya miaka ya 2010 FBI ikarudi kwenye milimita 9. Risasi za kisasa za ncha yenye tundu hutanuka zikigonga mwili na bado hufikia kina ambacho FBI hutaka kwenye majaribio ya kupiga jeli inayoiga mwili, yaani sentimita 30 hadi 46. Zile kubwa hazikuleta tofauti kubwa ya maana kwa aliyepigwa, lakini zilileta tofauti kwa mpigaji: teke (msukumo wa bastola kurudi nyuma) kali zaidi, risasi chache zaidi, shabaha mbovu zaidi. Ndiyo maana orodha ifuatayo karibu yote ni ya milimita 9.

1. Ukubwa wa kati

Glock 19 imekuwa sokoni tangu 1988 na bado ndiyo kipimo ambacho nyingine hupimwa nacho. Ina urefu wa sentimita 18 na nusu hivi, mtutu wa sentimita 10, uzito wa karibu gramu 600 bila magazini, na hubeba risasi 15. Mpini wake unashikwa na vidole vyote vitatu, kwa hiyo teke lake linadhibitika. Wakati huohuo ni fupi kiasi kwamba mtu wa umbo la kawaida anaweza kuificha chini ya shati lililolegea. Magazini, ala na vipuri vyake ni rahisi kupatikana kuliko vya karibu bastola nyingine yoyote.

Hata hivyo, mimi mwenyewe ningempa mnunuzi mpya CZ P-10 C aishike kabla hajaamua. Ilitoka 2017, ina ukubwa uleule na risasi 15, lakini mpini wake umeingia ndani zaidi nyuma, na mikono mingi huukubali mara moja. Smith & Wesson M&P 9 M2.0 Compact na Walther PDP Compact ziko kwenye daraja hilohilo. Kati ya hizi nne hutapotea njia. Chagua inayokaa mkononi mwako.

Udhaifu wa daraja hili lazima usemwe waziwazi. Nyingi ya bastola hizi hazina sefti, yaani kizuizi cha kufyatua, ya kubofya kwa kidole gumba. Kinga yake iko kwenye kifyatulio chenyewe na ndani ya mashine. Kitu chochote kikiingia na kukisukuma kifyatulio nyuma, iwe kidole, kamba ya koti au ncha ya shati, risasi itatoka. Na Glock hutaka ufyatue kifyatulio kabla ya kuifungua kwa usafi. Watu wamejipiga risasi kwenye paja au kiganja kwa sababu walitoa magazini wakasahau ile iliyobaki kwenye chemba. Toa magazini kwanza, vuta slaidi, angalia chemba kwa macho, iguse kwa kidole, kisha angalia tena. Mpangilio huo haubadiliki, kwa sababu ukivuta slaidi kabla ya kutoa magazini, unaingiza risasi nyingine.

2. Nyembamba za kubeba

Hadi 2018 aliyetaka bastola nyembamba ya kuficha aliridhika na risasi sita au nane. Mwaka huo SIG Sauer walitoa P365, bastola ya karibu nusu kilo yenye risasi 10 kwenye magazini isiyozidi sana unene wa zile za zamani. Washindani walifuata haraka: Springfield Hellcat na Glock 43X mwaka 2019, kisha Smith & Wesson Shield Plus mwaka 2021. Kama mavazi yako ni mepesi na unabeba kila siku, hili ndilo daraja lako, na ndani yake ningechukua P365XL yenye mtutu mrefu kidogo na risasi 12.

Sijaiweka ya kwanza kwa sababu ya jambo ambalo maduka hulisema mara chache. Bastola ndogo ni ngumu kupiga nayo kuliko kubwa. Uzito mdogo unaleta teke kubwa, na mtutu mfupi unafanya kosa dogo la mkono lionekane kubwa kwenye shabaha. Kwenye uwanja wa shabaha nilisaidia mama mmoja aliyeuziwa bastola ndogo kabisa kwa maelezo kwamba inawafaa wanawake. Baada ya risasi ishirini aliiweka mezani, ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada imechubuka, na akasema hataigusa tena. Tulimpa ya ukubwa wa kati. Nusu saa baadaye matundu yake yote yalikuwa yanafunikwa na kiganja kimoja. Mama yule hakuwa na tatizo lolote la mikono. Aliuziwa bastola ambayo ni ya mtu mwenye mazoezi mengi.

3. Zenye slaidi laini

Kwa mzee, mwenye baridi yabisi ya vidole, au mtu yeyote ambaye mkono wake hauna nguvu ya kutosha, Smith & Wesson Shield EZ inastahili heshima. Toleo la .380, risasi fupi na dhaifu kuliko ya milimita 9, lilitoka 2018, la milimita 9 likafuata 2020. Slaidi yake huvutika kwa nguvu ndogo, na magazini ina kitufe cha kushusha springi ili kuingiza risasi kusiumize kidole. Hubeba nane tu. Nyuma ya mpini kuna sefti inayoachia pale tu mkono unapoushika vizuri, kwa hiyo aliye na mshiko dhaifu afanye mazoezi hadi ahakikishe anaibonyeza kila mara.

4. Kubwa za nyumbani

Kama bastola haitatoka nyumbani kamwe, ipandishe namba hii iwe ya kwanza. Glock 17, Beretta 92 na CZ 75 ni nzito au ndefu zaidi, na hiyo ni sifa njema usipokuwa na haja ya kuficha kitu. Zinatulia mkononi. Nyingi za matoleo ya sasa zina reli chini ya mtutu ya kufungia tochi, na tochi kwa bastola ya nyumbani naiona ya lazima: usiku unaweza kumdhania mtoto wako aliyeamka kunywa maji kuwa ni mwizi. Lakini mwanga wa kwanza utoke kwenye tochi ya mkononi, kwa sababu ukitafuta kwa tochi iliyofungwa kwenye bastola, unamwelekezea mtutu kila unayemmulika.

5. Rivolva fupi

Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka badala ya magazini. Zile za risasi tano za .38 Special, aina ya risasi ya rivolva, kama Smith & Wesson 642 au Ruger LCR, zina uzito wa gramu 400 hivi na hazina slaidi ya kukwama. Zinafyatuka hata zikiwa mfukoni au zikiwa zimebanwa mwilini, mahali ambapo slaidi ingesukumwa ikakataa kufanya kazi. Mpigaji mzoefu atazipenda. Ila ushauri wa zamani kwamba rivolva fupi ni ya wanaoanza siukubali. Kifyatulio chake huhitaji mvuto mrefu wa kilo tano hivi, bastola yenyewe ikiwa haina hata nusu kilo, na mkono usiozoea huitikisa kila mara.

6. Za mfukoni

Ruger LCP ya 2008 na nyingine za .380 zina gramu mia tatu hivi au pungufu. Ni za pili baada ya ile unayobeba kila siku, au za siku ambazo hakuna nguo inayoficha kitu kingine. Usianze nazo.

Bei ya bastola ni sehemu tu ya matumizi

Tenga fedha nyingine ya maana kwa vitu vinne. Ala ya plastiki ngumu inayofunika sehemu yote ya kifyatulio na isiyojikunja ukitoa bastola. Ala za kitambaa laini huingia ndani na zinaweza kusukuma kifyatulio unaporudisha. Mkanda mgumu, maana ala nzuri kwenye mkanda legevu huning'inia na kuonekana. Vifaa vya kuzuia kelele masikioni, kwani mlio wa bastola ya milimita 9 hufika karibu desibeli 160 na unaweza kuharibu usikivu mara moja. Na kasiki ndogo ya kufunguka haraka, iliyofungwa kwa boliti mahali isipobebeka.

Kuhusu kasiki naomba nisikilizwe. Bastola iliyo kwenye droo ya kando ya kitanda haimsubiri mwizi peke yake. Inamsubiri pia mtoto mdadisi, na mtu mzima aliye kwenye saa mbaya. Utafiti uliochapishwa 2020, uliofuatilia wakazi milioni 26 wa California, uligundua kwamba wanaume wenye bastola walikuwa na hatari mara nane hivi zaidi ya kujiua kwa bunduki kuliko wasiokuwa nayo, na wanawake mara 35 hivi. Kama mtu wa nyumbani mwako anapitia kipindi kizito cha huzuni, bastola itoke nyumbani humo hadi apone, kwa njia ambayo sheria inaruhusu. Kama hakuna njia hiyo, usinunue sasa.

Kumbuka pia kuta. Risasi ya milimita 9 hupenya kuta nyepesi za ndani ya nyumba, hata ile ya ncha yenye tundu. Kabla ya kuleta bastola nyumbani, tembea chumba hadi chumba ukijiuliza nani analala nyuma ya ukuta gani, kisha uamue ni upande gani hutaelekeza mtutu kamwe.

Kabla ya kuiamini

Uliza kama toleo unalonunua lina kasoro iliyotangazwa. Mwaka 2017 SIG Sauer walitoa marekebisho ya hiari ya P320 baada ya majaribio kuonyesha kwamba ingeweza kufyatuka ikidondoka kwa pembe fulani, na bastola za kabla ya marekebisho bado huuzwa kama mitumba. Namba iliyochongwa kwenye fremu ndiyo ya kuulizia kwa mtengenezaji.

Ukinunua iliyotumika, angalia ndani ya mtutu kwa mwanga: ukiona pete iliyovimba, iache. Angalia midomo ya magazini kama haijapinda. Kukwama kwingi husababishwa na magazini, na magazini mpya ni nafuu kuliko bastola mpya.

Kisha piga risasi 200 za mazoezi, na angalau 50 za aina utakayobeba, kwa kutumia kila magazini unayokusudia kuitumia. Ikikwama kwa sababu usiyoielewa, anza kuhesabu upya. Mpaka hesabu hiyo itimie, bastola hiyo ni ya uwanja wa shabaha tu.