Pete ya uchumba ya mtindo wa kizamani: uzoefu wangu kwa sonara wa Mji Mkongwe

Mchumba wangu tangu mwanzo alikuwa anapenda pete kama zile zinazoonekana mikononi mwa mabibi katika picha za zamani: dhahabu ya manjano, pana kidogo, kito kimelala katikati ya ua. Ilinichukua karibu miezi miwili kuipata hapa Unguja. Nimeridhika nayo sana, na naandika ili anayetafuta pete ya namna hii asipite nilikopita mie mwanzo.

Nilianza kwenye duka moja la vitu vya kale, nimefuatana na khalati. Muuzaji akatutolea pete yenye tanzanaiti, bei dola 900, akasema ni ya zama za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Ilinivutia, nisikatae. Lakini Sayyid Barghash alifariki mwaka 1888, na tanzanaiti imeanza kujulikana mwaka 1967 kule Mererani. Nilipomuuliza, akajibu kuwa huenda kito kilibadilishwa baadaye. Khalati akaichukua pete, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akanionesha muhuri uliopigwa ndani: 925. Hiyo ni fedha, si dhahabu, imepakwa rangi ya dhahabu tu. Tukashukuru, tukatoka. Iliniuma, kwa sababu kijana anayenunua pete ya posa huwa ana haraka na ana furaha, na si vizuri furaha yake kutumiwa hivyo.

Basi chungulia ndani ya pete kabla ya kutazama kito. Karati ni kipimo cha usafi wa dhahabu: karati 22 hupigwa 916, karati 18 hupigwa 750, karati 9 hupigwa 375.

Halafu jua unataka uzamani upi. Pete za wakati wa Malkia Victoria (1837–1901) zina dhahabu ya manjano, maua, nyoka, feruzi na lulu. Pete yake mwenyewe ya uchumba ilikuwa ya nyoka mwenye zumaridi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaja platinamu iliyotobolewa kama lesi. Miaka ya 1920 na 1930 ni mistari iliyonyooka na pembe. Nilimpelekea mchumba wangu picha za aina zote tatu, akachagua ua bila ya kusita.

Hapo bibi yangu akafungua kisanduku chake, akatoa herini na pete iliyokatika, akasema, "Mjukuu wangu, dhahabu ya nyumbani ipo, ya nini kuhangaika?" Khalati akanipeleka kwa sonara anayemjua, mzee mwenye karakana ndogo uchochoroni. Akaisugua dhahabu juu ya jiwe, akatia tindikali, akasema karati 22. Akaipima mbele yetu: gramu 6. Nilidhani karati 22 ndiyo bora kuliko zote, lakini akanieleza kuwa ni laini mno kwa pete ya kila siku yenye kito; ukingo ukilegea, kito kinaanguka. Akashauri karati 18. Gramu 6 za karati 22 zina gramu 5.5 za dhahabu safi, na ukichanganya fedha na shaba unapata kama gramu 7.3 za karati 18. Nilikaa palepale mpaka ikayeyuka. Hakuchukia hata kidogo, na hilo pekee lilinipa imani naye.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni swali lake: "Bibi harusi anafanya kazi gani?" Mchumba wangu ni muuguzi, anavaa glavu na kunawa dawa mchana kutwa. Mzee akanikataza lulu, maana dawa zitaiharibu. Akanikataza na tanzanaiti, kwa kuwa inakwaruzika upesi. Tukakubaliana yakuti samawi ndogo ya Tunduru, uzito wa nusu karati (karati ya kito ni uzito, si usafi), ambayo kwa ugumu inashindwa na almasi tu katika vito vya asili vya pete. Kito akakizungushia ukingo wa dhahabu badala ya vijino, kikalala chini kabisa kisipate kuchana glavu. Majani ya ua ni dhahabu tupu, na pembezoni kapanga vitone vidogo kama punje za ulezi. Vitone vile ndivyo vinavyoipa pete sura ya kizamani; ukipitisha kidole unavihisi.

Kasoro zipo. Aliahidi wiki mbili, zikawa karibu nne, kwa sababu baada ya Idi harusi zilikuwa nyingi. Tena pete ilikuja ikambana mchumba wangu. Nilikuwa nimepeleka kipimo cha pete yake nyembamba, niliyopewa kwa siri na shemeji yangu, kumbe pete pana inahitaji nafasi zaidi kidogo. Hilo sonara angeniambia mapema. Aliipanua bila malipo, na iliwezekana kwa kuwa nyuma ni dhahabu tupu. Ingekuwa imezungukwa na vito pande zote, isingepanuka.

Ujira ulikuwa shilingi 350,000 na yakuti 400,000. Yangu mie nilimwambia anifulie ya fedha, maana dhahabu kwa mwanamme haifai.

Leo ni mwezi wa saba yuko nayo kazini. Kito hakijatikisika. Vitone viwili upande wa kiganja vimeanza kulainika.

Siku ya kuichukua, mzee aliipima tena: gramu 5.9. Akanirudishia gramu 1.1 ndani ya kikaratasi, na upungufu wa vumbi la tupa alikuwa ameshanitajia tangu siku ya mwanzo. Nilimpa bibi kile kikaratasi. Akakifunga kwenye kitambaa, akakirudisha kisandukuni, akaniambia kinatosha herini za mtoto mchanga.