Maiki ya Shure mtandaoni: maduka nimeyapanga, na kipimo changu ni kimoja

Kila Pasaka na Krismasi zikikaribia, meseji za kwaya huanza kumiminika. Safari hii zimefanana mpaka nikadhani ni kwaya moja inayoniandikia kwa majina tofauti. Wanakwaya wamechangishana, wamenunua seti ya maiki mbili zisizo na waya kwenye ukurasa wa Instagram, boksi jeusi limeandikwa Shure, jina la watengenezaji maarufu wa maiki, kwa herufi nene, na chini yake jina la modeli: UGX na namba fulani. Jumapili ya kwanza ilipita salama. Ya pili maiki ikaanza kukoroma, ikizima mchungaji akitembea hatua chache kutoka kwenye risiva, kile kifaa kinachopokea sauti ya maiki. Muuzaji akipigiwa hapokei, na baada ya hapo namba ya mwalimu wa kwaya imefungiwa. Kisha ndipo ninaulizwa: "Dada, hii ni orijino?"

Jibu halikuhitaji picha wala video. Shure hawajawahi kutengeneza kitu kinachoitwa UGX.

Miongozo mingi ya kununua vyombo mtandaoni itakuambia uangalie bei, uhesabu wafuasi, usome maoni ya wateja. Sitarudia hayo. Wafuasi wananunuliwa, maoni yanafungwa au yanaandikwa na mawinga (madalali wa mtandaoni) wenyewe, na bei ndiyo imekuwa mtego mbaya kuliko yote. Zamani famba, yaani feki, lilijulikana kwa urahisi wa bei yake. Siku hizi wajanja wamejua kwamba elfu arobaini inamshtua mteja, kwa hiyo kitu kilekile wanakiuza laki mbili, na mteja anatoka anajisifu kwamba hakukimbilia vya bei rahisi.

Kitu ambacho karibu kila mtu anakiruka ni jina kamili la modeli. Nasema kamili, pamoja na vile viherufi vya mwisho ambavyo watu huviona kama mapambo.

Chukua SM58 yenyewe, maiki ambayo Shure wameitengeneza tangu mwaka 1966 na ambayo umeishika hata kama huijui jina, maana ndiyo ile yenye kichwa cha mviringo cha wavu. Ile ya kawaida huuzwa kwa jina SM58-LC. Hizo herufi LC zinaeleza kwamba haina waya ndani ya boksi. Unapata maiki, kishikio cha stendi, mfuko wa zipu na makaratasi. Sasa fungua kurasa za wauzaji wetu: utaona boksi la SM58-LC, na pembeni yake waya umekunjwa vizuri, "full boksi, waya bure boss wangu." Kama waya ameuongeza yeye kutoka dukani kwake, sawa, atakwambia. Kama umetoka kiwandani ndani ya boksi lililoandikwa LC, kiwanda hicho si cha Shure. Tena ile yenye swichi ya kuzima na kuwasha ina jina lake, SM58S. Maiki yenye swichi ndani ya boksi lililoandikwa SM58-LC ni picha niliyoiona mara nyingi kiasi kwamba sishangai tena.

Kwa zisizo na waya mambo ni wazi zaidi, kwa sababu jina la Shure husomeka kama hesabu. BLX24/SM58 ni maiki ya mkononi BLX2, risiva BLX4, kichwa cha SM58. BLX288/SM58 ni maiki mbili za BLX2 na risiva moja ya njia mbili, BLX88. Mwisho kuna msimbo wa masafa, yaani mawimbi ya redio ambayo maiki hutumia kuwasiliana na risiva, kwa mfano H8E, yaani 518 hadi 542 MHz, nao umebandikwa kwenye maiki na kwenye risiva. Muulize muuzaji msimbo huo. Muuzaji wa kweli atageuza kifaa na kukusomea. Mwingine atakujibu "ni UHF, inashika mbali sana mama," halafu atakutumia video ya mtu anayeimba uwanjani. Na msimbo huo si wa ushabiki tu: sehemu kubwa ya masafa ya juu yaliyokuwa ya televisheni sasa ni ya mitandao ya simu, na maiki iliyowekwa huko itagombana na minara kila Jumapili.

Kipimo hiki kinahama na wewe hata ukitoka kwenye maiki. Mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) ya Yamaha MG10XU ina tundu la USB la mraba, la kuunganisha kompyuta. Haichezi nyimbo kutoka kwenye flashi. Ina efekti 24, kama za mwangwi. Kwa hiyo ukiona "Yamaha" yenye kitundu cha flashi, kiskrini cha MP3 na maandishi "99 DSP," yaani efekti 99, usisumbuke kuuliza bei.

Tahadhari moja hapa. Modeli kutokuwepo kwenye orodha ya leo si lazima iwe feki, huenda imestaafishwa. PGX, kwa mfano, ilikuwa Shure halali kabisa na sasa haitengenezwi. Ndiyo maana huwa siangalii ukurasa wa mauzo wa kampuni peke yake, natafuta kitabu cha maelekezo. Watengenezaji wakubwa huweka vitabu vya vifaa vyao vya zamani mtandaoni kwa miaka mingi. Kama hakuna kitabu, hakuna kifaa.

Na msikubali ile hadithi ya "toleo la soko la Afrika." Ipo pia "hii ni Shure ya China." Shure kweli wana kiwanda China, kwa hiyo neno China kwenye boksi halitoshi kumhukumu mtu, ingawa SM58 nilizozishika mimi zimeandikwa Meksiko. Lakini kiwanda kiwe wapi, jina la modeli halibadiliki kwa sababu mzigo umeshukia bandari ya Dar es Salaam.

Kwa nini nalishikilia jina la modeli kiasi hiki? Kwa sababu linakuonyesha muuzaji anapochukulia mzigo. Anayechukua kwa wakala hupewa orodha ya bei yenye misimbo yote, na anainakili hivyohivyo hata kama haielewi. Anayechukua kwenye kontena la mchanganyiko ananakili kilichoandikwa kwenye boksi, na boksi limeandikwa na mtu asiyejali. Kwa hiyo sipimi maiki moja, napima duka zima. Ukurasa ukiwa na bidhaa moja tu ambayo mtengenezaji haijui, nautoa kwenye orodha, hata kama maiki iliyobaki inaonekana safi. Wapo wanaonilalamikia kwamba huu ni ukali. Basi.

Haya, mpangilio wenyewe.

Nafasi ya kwanza: duka lililotajwa na Shure wenyewe. Kwenye tovuti yao kuna sehemu ya kutafuta wasambazaji kwa nchi. Anzia huko, kisha fuata mawasiliano yaliyo huko. Usitafute jina la duka Instagram, maana kurasa za kuiga majina ya maduka halali ni nyingi. Hapa utalipa. Kwao Marekani SM58 ni karibu dola 100, na dola ikiwa kama shilingi 2,500 hiyo ni 250,000 kabla ya usafiri, kabla ya ushuru, na kabla ya VAT ya asilimia 18. Atakayekuuzia mpya kwa laki na nusu akuambie hesabu yake ameipata wapi. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la modeli, si "microphone 1 pc," halafu ihakiki kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato.

Hata hivyo hawa wa nafasi ya kwanza wana dhambi zao, na nitazisema. Hawaandiki bei. Duka lina jengo, lina gari lenye nembo, lina kijana wa kupiga picha za kupendeza, na chini ya kila picha: "Bei DM." Ukienda DM unaulizwa uko wapi na ni kwa ajili ya nani. Ukisema ni ya kanisa bei inapanda, ukisema ya hoteli inapanda zaidi, ukisema ni yako binafsi unaachwa bila jibu. Kisha wanashangaa kwa nini watu wanakwenda kwa winga ambaye angalau ameandika tarakimu. Feki zinastawi kwa sababu mteja hajui bei halisi ni ipi, na hilo giza limetengenezwa na wenye maduka halali kwa mikono yao. Mimi binafsi nimewahi kutajiwa bei mbili za kitu kimoja na duka moja, ya pili ikiwa juu zaidi kwa sababu tu nilipiga kwa namba ya ofisi.

Nafasi ya pili: iliyotumika, kutoka kwa mwenyewe. Najua wengi mngeiweka mwisho. SM58 ni maiki ya dainamiki, haina betri wala haihitaji umeme kutoka kwenye mikisa, na mwili wake ni chuma. Ya miaka kumi kutoka bendi iliyovunjika au studio inayofungwa naichukua kabla ya "mpya" ya mtandaoni. Wavu uliobonyea si ugonjwa, unabadilishwa. Unaiona, unaishika, unaimba nayo hapohapo kwenye spika za muuzaji. Kwa maiki zisizo na waya siwashauri hivyo, kwa sababu ya yale masafa niliyoyasema.

Nafasi ya tatu: maduka makubwa ya nje, kwa mkono wa ndugu. Kama una shangazi Ujerumani, aagize Thomann. Kama una kaka Marekani, kuna Sweetwater na B&H. Bei wameziandika, modeli zimeandikwa hadi herufi ya mwisho. Kasoro ni udhamini: ikiharibika itabidi irudi ilikotoka. Kwenye Amazon kuna kitu kingine cha kusoma, yaani mstari unaosema nani anauza. Amazon ni soko, na ndani ya soko wamo wauzaji wengine wa kila aina. Jina la muuzaji likiwa mkusanyiko wa herufi usiotamkika, achana nalo.

Nafasi ya nne: kurasa za Instagram na makundi ya WhatsApp. Sisemi wote ni wezi. Wapo vijana Kariakoo wanaojua sauti kuliko wenye majengo. Omba picha ya upande wa nyuma wa boksi na ya chini ya maiki panapochomekwa waya, zikiwa na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Lipa kwa lipa namba: kabla hujaweka namba ya siri jina la biashara litatokea kwenye simu yako, na likiwa tofauti kabisa na jina la ukurasa, uliza. Anayesisitiza utume kwenye namba ya mtu binafsi "kwa sababu mtandao unasumbua" mwache asumbuke nao. Ukiwa mkoani, mzigo ulipiwe ukifika stendi, na uufungue mbele ya wakala wa basi.

Nafasi ya tano: masoko ya mtandaoni ya China. Kwa waya, stendi na mabegi, sawa. Kwa kitu chenye jina la Shure, hapana.

Ikifika, ipime. SM58 halisi ina gramu 298, sehemu ya uzito huo ikiwa transfoma iliyofichwa ndani ya mpini. Tafuta mizani ya kidijitali, hata ya duka la vipodozi. Ikiwa nyepesi kwa tofauti kubwa, una jibu. Ikiwa na uzito sahihi bado hujathibitisha kitu, kwa sababu uzito ni rahisi kuuiga kuliko sauti.

Wanaouliza kuhusu Sennheiser e 835: ni maiki nzuri, bei yake inakaribiana, na wapo mafundi mitambo wanaoipenda. Mimi ni wa Shure na sijifichi. SM58 nikiipata ukumbi wowote, kuanzia Tanga hadi Songea, najua itanipa nini kabla sijapandisha sauti.

Za bei ndogo? Behringer XM8500. Ni halali, imeandikwa jina lake, haijifanyi mtu mwingine. Kwa bajeti ya kwaya ya mtaani ni bora mara elfu kuliko Shure ya uongo. Nimemaliza.

Kwa mliokwisha kupigwa: Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na bidhaa bandia ni kazi yao. Wakenya wana Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia chini ya sheria ya mwaka 2008. Nendeni na meseji ya malipo, picha ya tangazo kabla halijafutwa, na kifaa chenyewe kikiwa na boksi lake. Kwaya nyingi hutupa boksi siku ileile, kisha zinabaki na maneno matupu.

Kwenye maoni hapa chini niandikieni jina la modeli mliyouziwa, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye boksi. Msinitumie video za mtu anayeimba.