Feni za mtumba kwa rejeta ya kompyuta: soma stika kabla hujatoa hela

Tangu niandike habari za kupoza kompyuta kwa maji, malalamiko yanayoingia kwenye simu yangu ni ya aina moja. Kaka mmoja wa Lindi mjini, anayekata video za harusi, alifunga feni mbili za skrepa juu ya rejeta, pale maji yanapopozwa na feni. Zikatulia vizuri, na kabla mwezi haujaisha zikaanza kukoroma. Dada wa Shangani, hapa Mtwara, naye, ya kwake haiwaki asubuhi mpaka aisukume kwa kidole. Wote walipima vilevile: feni ikawashwa mezani, ikazunguka, hela ikatoka.

Taa, rangi na kasi siviongelei, muuzaji atakuimbia mwenyewe. Ukubwa mnaujua: milimita 120, matundu ya skrubu yameachana milimita 105. Zile za 92 zilizojaa kwenye kompyuta za ofisi haziingii, usibembelezwe.

Kinachowaponza watu ni beringi, kile kinachoshika shafti ya feni, na namna feni itakavyolala. Wengi tunafunga rejeta kwenye dari la kasha la kompyuta, kwa hiyo feni inalala chali. Feni ya bushi imetengenezwa ikae wima, shafti yake ikizunguka ndani ya bushi yenye mafuta. Ukiilaza, uzito wa mapanga unaegemea ncha moja, mafuta yanahama kidogo kidogo. Ukiifunga ivute hewa iliyokwishapita kwenye rejeta, ndiyo unaichoma kabisa. Na Mtwara hii, ikifika Desemba, chumba chenyewe kiko nyuzi 30 na ushei, na maji ya rejeta hayawezi kupoa kuliko hewa ya chumba. Bushi inakauka. Feni ya beringi za gololi, ilale, isimame, ipinduliwe, kwake sawa.

Utaijuaje? Geuza feni, soma namba iliyo kwenye stika ya katikati. Feni ya kampuni ya Delta, namba ikianza na AFB ni ya gololi. ASB ni bushi. Sunon ya KD1212PTB1 ni gololi, KD1212PTS1 ni bushi. ADDA ni AD1212HB dhidi ya AD1212HS. Yate Loon vivyo hivyo, D12B na D12S. Herufi moja tu, B au S (kwa Delta ni F au S), na ndiyo hiyo muuzaji hakuonyeshi.

Halafu nenda na adapta ya ruta ya volti 12, waya mwekundu wa feni kwa chanya, mweusi kwa hasi. Iwashe imesimama, ilaze chali, kisha ifudikize juu ya kichwa chako uisikilize. Ikibadilisha sauti ikigeuzwa, irudishe. Izime, shika kitovu cha mapanga kwa vidole viwili ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza pembeni, bushi imeshaliwa.

Sasa chaguo langu, na sifichi mapenzi: Delta AFB, basi. Ninayoitafuta zaidi ni AFB1212SH. Ni nyeusi, haina sura, inapiga kelele ukiiachia kasi yote, lakini inasukuma hewa kupita kwenye mapezi ya rejeta pale ambapo feni za mapambo zinapapasa tu. Inakula ampea 0.80, na tundu la feni kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) kwa kawaida hubeba ampea 1, kwa hiyo usiunge mbili kwenye tundu moja. Yenye pini tatu, iweke DC kwenye BIOS (ile mipangilio unayoingia kompyuta inapowashwa), kasi ipunguzwe kwa kushusha volti, utalala usingizi.

Ya pili ni Nidec Servo D1225C, ile maarufu kwa jina la Gentle Typhoon. Ina gololi mbili na imetulia kuliko Delta. Imekuwa ya pili kwa sababu huku kusini kuipata ni bahati. Ya tatu, Sunon au ADDA yenye B. Zenye unene wa milimita 38 chukua ukipenda, ila skrubu zake pima kwa makini: ikizidi urefu inatoboa mrija wa rejeta, na hapo utapanguza maji hadi usiku.

Feni zilizochomolewa kwenye pawa saplai mbovu ni za bei rahisi, na nyingi ni S. Kama mfuko hauruhusu, ifunge mbele ya kasha, wima, isukume hewa badala ya kuivuta. Sina la zaidi.

Lakini wauzaji wetu jamani! Chini ya stika ya feni ya bushi mara nyingi pana kitundu cha mafuta. Wanabandua stika, wanadondosha mafuta, wanarudishia, na feni iliyokwisha inaringa kwa siku kadhaa. Tazama ukingo wa stika: ukiwa umekunjika na gundi yake imeshika vumbi, ujue imefunguliwa. Bei nazo wanapanga kwa taa. Takataka yenye taa za rangi inaitwa "ya gemu" na inapanda bei, Delta inatupwa kwenye ndoo na waya mbovu. Ila ukionyesha tu kuitaka, ghafla inakuwa "ya sava hiyo, dada," na bei inaruka palepale. Kwa hiyo mimi naulizia kwanza ile yenye taa, nashika Delta kama nafanya mzaha.

Wanaoagiza Kariakoo na kusubiri kifurushi cha basi, ombeni picha ya stika. Watawatumia picha ya mapanga. Ombeni tena.