Biblia ya YouVersion: ipakue, kisha usome sura nzima

Kila kijana anayejiunga na kikundi chetu cha kujifunza Neno huwa namwambia apakue programu ya Biblia ya YouVersion. Ni ya bure na haina matangazo. Ilianzishwa 2008 na kanisa la Life.Church la Oklahoma, Marekani, na huendeshwa kwa sadaka. Hilo la matangazo si jambo dogo. Simu nzima inakuuzia vitu kuanzia asubuhi hadi usiku, lakini hapa unasoma Zaburi na hakuna anayekukatiza kwa mkopo wa haraka au kamari ya mpira. Union Version ya Kiswahili imo, Habari Njema imo, na baadhi ya tafsiri unaweza kuzihifadhi ukasoma bila intaneti.

Lakini mimi naipima kwa jambo jingine. Mimi ni mhasibu, na ninafanya kazi na watu wema ambao wengi wao habari za Mungu haziwahusu. Vijana nao huniletea maswali yaliyo mezani kwangu. Bosi akisema badilisha tarehe kwenye ankara, ufanyeje? Wenzako wakimsengenya mtu, uondoke au ukae? Je, programu hii inamsaidia mtu wa namna hiyo?

Inamsaidia, ila si kwa kile kinachoonekana kwanza. Kinachoonekana kwanza ni Mstari wa Siku, na picha za kuwekwa kwenye stetasi. Chukua Yeremia 29:11, mstari unaopendwa mno, ule wa mawazo ya amani na tumaini. Ukiwa peke yake juu ya picha ya machweo, unasomeka kana kwamba Mungu anakuahidi kupandishwa cheo. Sasa fungua sura yote. Ni barua. Yeremia aliwaandikia akiwa Yerusalemu watu ambao mfalme Nebukadreza alikuwa amewachukua mateka hadi Babeli. Katika sura iliyotangulia nabii Hanania alikuwa ametangaza kwamba uhamisho huo utakwisha ndani ya miaka miwili. Yeremia anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza. Na katika mstari wa 7, wautakie amani mji ule na kuuombea kwa Bwana. Mstari wa 10 unasema miaka 70. Maana yake ni kwamba wengi waliosikia barua ile ikisomwa wangezeekea na kufia huko. Ahadi ya mstari wa 11 walipewa watu hao, wenye majirani wanaoabudu miungu mingine, wakiwa mbali na hekalu. Ndiyo maana inamfaa mtu wa ofisini kuliko ile picha inavyodokeza, na kuipata sura yote ni suala la kugusa mara moja tu.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni mipango ya kusoma pamoja na marafiki. Kila mmoja anasoma sehemu ya siku hiyo kwa wakati wake, kisha anaandika maoni ambayo wenzake huyaona. Tuliposoma Danieli, mjadala wa sura ya kwanza ulitushika kuliko sura zote. Danieli na wenzake walisoma elimu na lugha ya Wakaldayo, wakaitwa kwa majina ya Kibabeli, wakaingia kazini kwa mfalme. Kwenye chakula cha mfalme walikataa. Tena Danieli hakupiga kelele. Alimwomba msimamizi awajaribu siku 10 kwa mtama na maji. Alikataa huku akileta njia nyingine mkononi. Muuguzi mmoja wa kikundi chetu aliandika kwamba yeye hukaa na wenzake wakati wa mapumziko na kucheka nao, ila jina la mgonjwa likianza kutajwa hovyo huinuka. Mimi niliandika habari ya ile ankara: nilikataa kugusa tarehe, nikampelekea bosi utaratibu halali wa kuilipa katika mwezi wake. Mazungumzo ya namna hii hayapatikani kwenye ibada ya saa mbili.

Nyota moja naiondoa kwa sababu ya hesabu ya siku mfululizo ulizofungua programu. Najua wapo vijana waliojenga nidhamu kwa kuiangalia, na nawafurahia. Lakini ni mbinu ile ile ya michezo ya simu: hofu ya kupoteza namba. Mtu anaweza kufungua programu usiku wa manane, akafumba macho, na namba ikapanda. Paulo aliposema katika Warumi 12:2 tusiifuatishe namna ya dunia hii, alizungumzia kufanywa upya nia, na nia haihesabiki hivyo. Kikundini hatuulizani namba. Tunaulizana nini kilibadilika.

Na simu ni simu. Ujumbe wa kazini unaweza kushuka ukiwa unasoma habari za Mlima wa Mizeituni. Zima intaneti kwanza, au tumia Biblia ya kusikiliza, ambayo ni msaada mkubwa kwa wanaotembea safari ndefu. Kwa kusoma kitabu kizima taratibu, bado nachukua Biblia ya karatasi.

Naipa nyota nne kwa anayetaka kusoma na wenzake. Anayetafuta mistari ya stetasi ataipata pia, ila nambari ya sura iko pale juu, naomba aiguse.